Chumba kimoja, Till moja, watu watatu: kodi ni ya nani?

Pale Garsen, au hata Hola, si ajabu kukuta chumba kimoja cha biashara kina watu watatu: fundi cherehani mlangoni, kijana wa vifaa vya simu katikati, na dada wa saluni nyuma ya pazia. Wanachangia pango, stima na maji. Mara nyingi wanachangia Till pia, kwa sababu aliyetangulia kuingia alikuwa nayo tayari.

(Tutasema pango kwa pesa ya mwenye nyumba, na kodi kwa pesa ya KRA. Kiswahili chetu huziita zote kodi, na hapo ndipo mazungumzo mengi hupotea.)

Kuchangia chumba hakuwafanyi kuwa biashara moja. Kila mmoja ana PIN yake ya KRA na anahesabiwa mauzo yake. Shida ni ile Till.

Tuseme fundi anauza 45,000 kwa mwezi, dada wa saluni 40,000, kijana wa simu 70,000. Kwa mwaka ni 540,000, 480,000 na 840,000. Hakuna aliyefika milioni moja. Lakini zikipitia zote kwenye Till ya fundi, rekodi inaonyesha mtu mmoja ameuza 1,860,000.

Hapo kuna tofauti kubwa. Tangu Julai 2023, kodi ya mauzo ghafi, ile TOT, ni asilimia 3 kwa biashara inayouza zaidi ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka. Inatozwa kwenye mauzo, si faida: huondoi bei ya kitambaa wala pango. Hulipwa kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa fundi wetu, asilimia 3 ya 1,860,000 ni 55,800 kwa mwaka. Hiyo inazidi mauzo yake ya mwezi mzima!

Atasema, "Lakini hizo si zangu." Sawa, ila kisheria mlipa kodi ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Na siku akiulizwa, huenda yule kijana alishahamia Malindi kitambo.

Kwa hivyo kila mtu awe na Till yake, iliyosajiliwa kwa jina lake. Kama kwa sasa haiwezekani, mwenye Till awatumie wenzake pesa zao siku hiyohiyo, kwa simu na si mkononi, ili taarifa ya Till ionyeshe zilikoingia na zilikokwenda. Daftari lenye jina, kiasi na tarehe pia linasaidia. Kumbukumbu ya kichwani, hapana.

Je, anayekusanya pango? Fundi akipokea 4,000 kutoka kwa kila mwenzake na kumpelekea mwenye nyumba 12,000, hizo 8,000 si mauzo yake. Akiwatoza zaidi ya fungu lao, ile ziada ni mapato ya pango. TOT haihusu pango, lakini ayataje kwenye ritani ya mwaka.

Na kuwa chini ya milioni hakumaanishi umeachwa huru. Ritani ya mwaka huwasilishwa kabla ya tarehe 30 Juni, na hapo kodi huhesabiwa kwenye faida. Kibali cha kaunti nacho ni kitu kingine kabisa. Ukikilipia hujalipa KRA.

Swali tunaloulizwa sana: mwenye nyumba anaweza kuongeza VAT kwenye pango? Kwa chumba cha biashara, ndiyo, asilimia 16, mradi amesajiliwa kwa VAT. Pango la 12,000 linakuwa 13,920. Kama hajasajiliwa, hana ruhusa kuitoza. Mwombeni ankara yenye PIN yake kabla hamjaanza kugawana hizo 1,920.