Maji ya udhu yasiishie karoni

Katika somo la tahara, mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza hukumu ya maji yaliyokwisha kutiliwa udhu. Nikamjibu kama tulivyosomeshwa: katika madhhab ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa Unguja, maji hayo huitwa mustaamal. Ni tahiri lakini hayatahirishi. Hayafai kutilia udhu mara ya pili, ila si najisi. Akauliza tena: “Sasa, Maalim, kwa nini tunayapeleka karoni pamoja na ya chooni?”

Suali hilo linastahiki kujibiwa na kila kamati ya msikiti na kila skuli.

Ndugu msomaji, jaribu kuweka ndoo chini ya bomba unapotawadha. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Anas bin Malik (r.a) kuwa Mtume (s.a.w) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, na akikoga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Kibaba hicho ni kiasi cha robo tatu ya lita. Wengi wetu tutakuwa tumekipita kabla hatujafika kwenye viwiko.

Na sisi ni watu wa kisiwa. Unguja haina mto mkubwa wa kutegemea. Maji yetu ni mvua iliyozama ardhini, tunayoipata kwa chemchem na visima, na karibu na pwani ukivuta mno kisima huingia chumvi. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, aliuletea Mji Mkongwe maji kutoka Chemchem, lakini mji wakati huo ulikuwa mdogo. Leo nani wa Ng'ambo asiyejua kuamka usiku kukinga maji?

Ninachopendekeza ni bustani ya mfano katika uwanja wa jengo la umma, imwagiliwe kwa maji ya udhu na mvua tu, na ipandwe miti ya kwetu. Nasema uwanja kwa makusudi. Wanazuoni wa Kishafii hawakuridhia kupanda miti ndani ya msikiti penyewe, kwa kuwa huwabana wanaoswali. Misikiti mingi ya Mji Mkongwe nayo imebanwa na nyumba, haina hata pa kuweka chungu cha mrehani. Basi tuanze na skuli yenye msala wake, au msikiti wa nje ya mji wenye eneo.

Jambo la kwanza ni fundi kutenganisha mabomba. Maji ya udhu yakichanganyika na ya chooni, hukumu inabadilika na afya inaharibika. Yapite kwenye shimo la kokoto na mchanga, kisha yaende moja kwa moja kwenye mashina kwa mfereji. Yasituame, tusije tukafuga mbu kwa jina la ibada. Ardhi ikiwa ya mawe, chimba shimo, tia udongo na samadi, panda mwanzo wa masika, yaani mwezi Machi, kisha funika shina kwa majani makavu ili unyevu usikimbie. Kiangazi cha mwanzo mche unahitaji kuangaliwa sana. Mizizi ikishateremka, kazi inapungua.

Na miti gani? Mkindu, ambao mama zetu wanasukia mikeka, uwekwe pale maji yanapotokea kwa kuwa unapenda unyevu. Mkoma, mfuu na mshubiri huvumilia ukavu. Mkwaju uwe mbali na ukuta. Mbuyu tuuache, hakuna kamati itakayouweza. Anayetaka kuona mimea inayoishi juu ya mawe bila ya mtu kuitilia maji, aende msitu wa Jozani, akatazame upande wa maweni. Sisemi miti ya kuja ni mibaya, kwani hata mkarafuu ulikuja kutoka ng'ambo ya bahari. Ila bustani ya mfano imfunze mtu anachoweza kukifanya kwake, kwenye nyumba isiyo na maji ya uhakika.

Wapo watakaosema bustani ni nyasi na maua, kama Forodhani ilivyotengenezwa upya mwaka 2009 kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan. Forodhani ni pazuri na sote tunakwenda. Lakini mzazi wa Jang'ombe hawezi kuiga nyasi hizo.

Wengine watasema hili ni la mazingira, si la dini. Hao wakumbushwe kisiwa cha Misali, Pemba, ambako wavuvi walifundishwa hifadhi ya bahari kwa aya na hadithi, wakaielewa. Na katika Sahihi mbili hizo hizo imepokewa kuwa Muislamu akipanda mti, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka.

Limebaki la fedha. Kokoto, mabomba na miche si gharama ya kuitia kamati deni. Pale ambapo ardhi ni ya wakfu, ruhusa iombwe kwanza Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, kwa barua, na mapema, kwa sababu mvua ya masika haingoji kikao.