Mas'ala ya Mtu Atafutaye Mtoto

 

SUALA: Mtu wa Pwani amehamia Tukuyu kwa biashara, akaoa, na amekaa na mkewe miaka saba bila ya kupata mtoto. Nduguze wa Pwani wamwambia amwache mke huyo, au aoe wa pili. Mkewe ataka waende Dar es Salaam kwa matabibu wapandikizao mimba. Mali yote ya mtu huyu ni duka na kishamba cha chai. Je, afuate lipi?

JAWABU: Kwanza yapasa ijulikane ni nani aliye mgonjwa. Nduguze wamekwisha hukumu kuwa ni mwanamke, wala hapana aliyepimwa. Matabibu wamehakikisha kuwa katika kadiri ya nusu ya watu wa ndoa wasiopata mtoto, mume ana sehemu yake katika sababu, ama peke yake, ama pamoja na mkewe. Mtu huweza kuwa na nguvu zote za kiume, na manii yake yasiwe na mbegu, au mbegu zikawa chache, au haziendi. Nguvu ni jambo moja na mbegu ni jambo jingine, na hapo ndipo wanaume wengi wakosapo. Mtu wa namna hii akioa wa pili na wa tatu, ataongeza nafaka na mtoto asimpate. Na akimwacha wa kwanza, amemtoa mwanamke nyumbani kwa aibu isiyokuwa yake, naye ataulizwa juu ya dhuluma hiyo. Katika madhihabi ya Imamu Shafii utasa haukuhesabiwa katika aibu zimpazo mume au mke hiari ya kuvunja nikaha. Kweli talaka i mkononi mwa mume. Walakini kuwa mkononi si kuwa na udhuru.

Kupima manii ni kazi ndogo, na gharama yake haifikii hata nauli ya Dar es Salaam. Naaanzie hospitali ya wilaya, Makandana, palepale Tukuyu. Na kipimo kisipopatikana, hospitali ya rufaa i Mbeya, mwendo wa kiasi cha kilomita 70. Ama namna ya kuyatoa manii hayo, madhihabi imemkataza mtu kuyatoa kwa mkono wake mwenyewe, na imehalalisha kwa mkono wa mkewe. Basi nawaende wote wawili, na safari hiyo ya pamoja ina kheri nyingine: mke ataona kuwa hakuachiwa mzigo peke yake.

Mke naye apimwe kama yai lashuka na kama mirija i wazi. Katika Afrika sababu kubwa ya utasa wa wanawake ni kuziba kwa mirija, kwa kisonono na klamidia zisizotibiwa, au kwa ugonjwa uliomwingia baada ya kuzaa au kuharibu mimba. Na si mara chache aliyeuleta ugonjwa huo nyumbani ni mume mwenye safari nyingi. Tabibu mwanamke atangulizwe. Asipopatikana, mwanamume huruhusiwa kutazama kadiri ya haja tu, na mume au mwanamke mwaminifu awepo.

Wako watakaompeleka kwa mganga. Monica Wilson, aliyekaa na Wanyakyusa wa Rungwe baina ya miaka 1935 na 1938, aliandika kuwa utasa ulinasibishwa na hasira za wazee na ibada za ukoo zilizoachwa. Watu wa Pwani wasicheke, kwani wao husema jini na kijicho, hupiga ramli, na hulipa mbuzi. Fedha hiyo ya mbuzi ingalilipa kipimo.

Ama kupandikiza, mtoto wa kwanza wa njia hii alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Yai la mke hutolewa, huchanganywa na mbegu ya mume katika chombo, kisha hurudishwa tumboni. Mufti wa Misri, Sheikh Jad al-Haq, alitoa fatwa yake mwaka 1980, na mwaka 1986 majmaa ya fikihi ilikutana Amman ikatazama njia saba: tano ikaziharimisha, na mbili ikaziruhusu kwa haja, nazo ni zile ambazo mbegu ni ya mume, yai ni la mke, tumbo ni la mke huyo huyo, na nikaha ipo. Mbegu ya mtu baki, yai la mtu baki, na tumbo la kuazima, yote ni haramu. Hata tumbo la mke mwenza: baraza ya Makka iliruhusu mwaka 1984, ikarejea katika kauli yake mwaka 1985. Wala jambo lenyewe si geni kwa wanazuoni wa Kishafii. Imamu Nawawi katika Minhaji amewajibisha eda kwa mwanamke aliyeingizwa manii ya mumewe, kama aliyeingiliwa. Nasaba ndiyo ilindwayo hapa. Kwa hivyo mume aulize vyombo vyatiwaje alama hata visichanganyike; na akifa au akiacha, kilichobaki kwa matabibu hakitumiwi tena.

Zabaki gharama. Jaribio moja hula mamilioni ya shilingi, nalo si ahadi. Kwa hesabu za Uingereza, mwanamke aliye chini ya miaka 35 hupata mtoto kiasi cha mara moja katika tatu kwa kila kiinitete kinachopandikizwa. Akifika 40 ni kiasi cha mara moja katika kumi. Basi umri wa mke uangaliwe kabla ya mkoba, kwani kungoja nako kuna bei. Hija ni nguzo, na haimlazimu asiye na ziada baada ya deni na nafaka ya watu wake. Kujitibu katika madhihabi ni sunna tu. Akiuza duka, akiuza na shamba, na jaribio lisishike, atamlisha nini mkewe? Mkopo wa riba ni haramu, hata ukiitwa kikundi cha kusaidiana. Lakini akiwa na ziada, na tabibu ameona njia, hapana lawama. Wala asiseme kuwa vitabu havikumwajibisha mume dawa ya mke: ni kweli havikumwajibisha, walakini mtoto ni wa wote wawili.

Na njia zote zikifungika, kuna kulea. Mtoto hubaki na jina la babake, na taratibu ni zile za Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Akiwa hajatimiza miaka miwili, dada wa mke akimnyonyesha mara tano kamili, mke huwa khalati yake. Na wa kike akinyonyeshwa hivyo na dada wa mume, mume huwa mjomba wake, na kujificha kukaondoka nyumbani humo.

Wallahu aalam.