Somo la Juma: Kupanda Bustani Ugenini

Soma: Yeremia 28:1–4, 29:4–14

Kambi yetu ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Tumezaa hapa, tumezika hapa. Hatujaridhika, wala Mungu hatuagizi tujifanye tumeridhika.

Wayahudi waliohamishwa Babeli walikuwa na uchungu huo. Hanania alitabiri kwamba watarudi ndani ya miaka 2. Yeremia aliwaandikia kwamba ni miaka 70. Basi wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto, wauombee mji amani. Ahadi ya kurudi haikufutwa, lakini maisha hayakusimama kuingoja.

Nasi tupande lengalenga nyuma ya nyumba, hata tukisubiri majibu ya mahojiano. Kufurahia mboga yetu si kusahau kwetu.

Tujadili nyumbani: Ni furaha gani tumeiahirisha hadi siku ya kuondoka?