SOMO LA KIKUNDI: KUKESHA NI KAZI YA ZAMU



Somo letu safari hii ni juu ya kukaa macho. Wengi tukisikia neno hilo tunawaza askari na bunduki. Lakini mama anayeangalia mamba huku mwenzake akichota maji Tana, huyo naye anakesha. Mchungaji anayehesabu kondoo wake jioni anakesha pia. Basi tujifunze pamoja namna ya kukesha, na kwa nini mtu hawezi kukesha peke yake.

NEHEMIA ALIFANYA NINI?

Mmoja asome Nehemia sura ya 4. Watu wa Yerusalemu walikuwa wanajenga ukuta wa mji wao, wakasikia maadui wanakuja. Walimwomba Mungu, tena wakaweka walinzi usiku na mchana. Hawakusema, "Tumeomba, yatosha." Wala hawakusema, "Tuna mikuki, maombi ya nini?" Na kazi haikusimama: nusu walijenga, nusu walilinda. Tarumbeta ikilia, wote walikimbilia mahali pamoja.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Hapa kwetu hatari ni za namna nyingi. Tuangalie tatu.

1. MTO

Wakati mwingine Garissa jua linawaka, hakuna hata wingu, na bado mto unapanda. Kwa nini? Maji yanatoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, yanapita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mabwawa yakijaa na kumwaga, maji hutufikia baada ya siku chache. Kwa hiyo anayeangalia mawingu ya kwetu tu amechelewa. Redio ikitangaza kwamba Masinga imejaa, hiyo ndiyo tarumbeta. Ondoa pampu shambani, hamisha mbegu, mbuzi, watoto na wazee.

Mwaka 2024 mafuriko yalikata barabara kati ya mji wa Garissa na Madogo, watu wakawa wanavuka kwa mashua. Tarehe 28 Aprili mashua moja ilipinduka pale Kona Punda. Watu 23 waliokolewa, wengine walikufa. Mashua ikijaa, ngojeni nyingine. Ni vigumu mtu mmoja kusema "sipandi" wakati kila mtu ana haraka. Mkiwa watano, mtasikilizwa.

2. MIFUGO

Baada ya mvua kubwa za El Nino za 1997 na 1998, Homa ya Bonde la Ufa iliua watu na mifugo katika Garissa na wilaya jirani. Ikarudi tena mwisho wa 2006 hadi 2007. Ugonjwa huu huletwa na mbu wanaozaana kwenye maji ya mafuriko. Binadamu huupata kwa kuumwa na mbu, na zaidi kwa kushika damu au nyama mbichi ya mnyama mgonjwa.

Ishara yake ni kondoo na mbuzi wengi kutupa mimba kwa wakati mmoja, na watoto wao kufa. Ukiona hivyo usichinje. Usiguse kijusi kwa mikono mitupu. Chemsha maziwa. Mwite afisa wa mifugo upesi.

Lakini fikirini: kondoo mmoja akitupa mimba bomani kwako, utasema ni bahati mbaya. Jirani naye atasema hivyo hivyo. Mkikaa kikundini na kuulizana, ndipo mtajua kwamba ni boma sita ndani ya wiki moja, na kwamba huo ni ugonjwa.

3. WATU WENYE NIA MBAYA

Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili mjini Garissa yalishambuliwa watu wakiwa ibadani. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Machungu hayo hayajaisha.

Waliofanya hayo walitaka pia jambo lingine: Mkristo na Mwislamu wasiaminiane tena. Hapo ndipo wengi wetu tulipokesha vizuri. Baada ya shambulio la 2012, viongozi wa Kiislamu walikubali vijana wao wasaidie kulinda makanisa. Novemba 2014, karibu na Mandera, abiria 28 wasio Waislamu walitengwa na wenzao kwenye basi na kuuawa. Desemba 2015 basi lingine lilisimamishwa karibu na El Wak, abiria wakaamriwa watengane. Safari hii Waislamu walikataa. Wengine waliwapa dada Wakristo mitandio wajifunike, wakawaambia wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi siku ile, akafariki Januari 2016.

Basi tukitoa habari, tutoe habari ya tendo: kitu kilichofukiwa barabarani, mzigo ulioachwa, mtu anayepeleleza saa za ibada. Usikiguse kitu hicho. Mwambie mzee wa Nyumba Kumi, chifu au polisi. Vazi la mtu, kabila lake au dini yake si habari. Ukimshuku jirani yako bure, umempoteza mlinzi mmoja.

4. MOYO NAO

Mtu anaweza kufunga mlango kwa kufuli tatu na moyo wake ukaachwa wazi. Uvumi unaingia, chuki inaingia, kisha hofu inatawala nyumba. Kabla ya kupeleka neno ulilosikia sokoni, uliza: nani aliona?

Tena kuna wanaochoka. Injili ya Luka inasema wanafunzi wa Yesu kule bustanini walilala kwa sababu ya huzuni. Mjane, au mama aliyepoteza mtoto chuoni, asiambiwe tu, "Jipe moyo, kesha." Mwende kwake. Mkae naye, mwombe naye, mchote maji yake. Yeye akilala, ninyi mshike zamu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kijijini kwetu, ni nani anayesikia habari za mto kwanza? Anawafikishiaje wa mashamba ya chini?
2. Ni uvumi gani ulituumiza mwaka huu? Ulianzia wapi?
3. Ni jirani gani wa dini nyingine ambaye tungemwita usiku, na yeye angetuita?

KAZI YA MWEZI

Katibu aandike majina ya watu wawili wa kila upande wa kijiji, pamoja na namba zao za simu. Mkubaliane alama moja ya hatari: kengele, filimbi au debe. Mwijaribu siku moja mchana, mkiwaarifu chifu na majirani wote kwanza, mwone ni nani ambaye haikumfikia.