Trakteri Inakataa Kuamka Asubuhi: Somo Juu ya Kupasha Hewa Moto mu Motere ya Mazutu

Wengi wenu mnakumbuka zile asubuhi za mwezi wa sita mwaka jana, wakati wa mitihani, internati nzima iliposhuka ku kijito na bidoni mu mikono, saa kumi na moja, giza ikingali. Ile trakteri yenye kuvuta remorki ya mapipa ya maji ilikuwa imekataa kuwaka. Kuko wenye walisema sisi wa garaji ni wavivu. Leo tunataka kuonyesha kosa lilikuwa wapi, kwa sababu lenyewe lilikuwa dogo kuliko ukucha, na lilitukula batri moja mpya ya pesa ya bustani na wiki tatu za kusukuma.

Kwanza tuelewe kwa nini motere ya mazutu inaogopa baridi. Motere ya esansi iko na buji yenye kutoa cheche. Ile ya mazutu haina cheche hata kidogo. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye motere yake ilizunguka vizuri kule Augsburg mwaka 1897, alitumia jambo ambalo kila mtoto mwenye kinga analijua: ukipompa gurudumu, pompi inapata moto ku mkono. Hewa yenye kubanwa kwa nguvu inapata joto. Mu motere yetu pistoni inabana hewa zaidi ya mara 16, na joto inapanda kupita digri 500. Hapo enjektere inapuliza mazutu, na mazutu inashika moto yenyewe.

Sasa mufikiri asubuhi ya kwetu huku mu milima ya Lubero. Tuko karibu ku mita 2.000 juu ya bahari, na alfajiri ya kiangazi tunaweza kukuta digri 10 hivi. Hewa inaingia ikiwa baridi, na chuma chote cha motere ni baridi, kinanyonya ile joto mbele mazutu haijashika. Oili imekuwa nzito, demareri inazunguka polepole, na hewa inapata nafasi ya kutoroka pembeni ya pistoni. Tena kuko jambo lenye watu wa bondeni hawajui: ku mita 2.000 hewa yenyewe ni nyepesi, uzito wake ni karibu sehemu 8 juu ya 10 ya ule wa kule ku bahari. Motere inameza hewa kidogo, inabana kidogo. Ni kwa sababu hiyo trakteri yenye kuwaka bila shida kule chini inaweza kutusumbua sisi.

Trakteri yetu ni Massey Ferguson 135, aina ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1964. Motere yake ni Perkins ya silindri tatu, litre 2 na nusu. Waliomtengeneza walijua habari ya baridi, njo maana walitia kifaa kimoja ku ile bomba kubwa ya chuma yenye kupeleka hewa mu silindri, ile mafundi wanaita kolektere. Kifaa kinaitwa Thermostart. Watu wengi hapa wanakiita buji, lakini si buji. Ni sawa kajiko kadogo ka mazutu kenye kuwashwa ndani ya njia ya hewa.

Kinatumika hivi. Ukigeuza ufunguo ku nafasi ya kupasha, umeme inatoka ku batri, inapita mu fili moja, inaingia mu uzi wa chuma wenye kuzungukwa kama springi. Uzi unakuwa mwekundu. Mwili wa kile kifaa unapata moto na unarefuka kidogo sana. Kule kurefuka kunaachilia kidonge cha chuma chenye kilikuwa kinaziba tundu la mazutu. Mazutu inatona, inageuka mvuke, na wakati demareri inaanza kuvuta hewa, ule mvuke unawaka. Hewa inaingia mu silindri ikiwa imepita mu ndimi za moto. Ukiacha ufunguo, kifaa kinapoa, kinajikunja, kidonge kinaziba tena. Hakuna pompi hapo: mazutu inashuka kwa uzito wake mwenyewe kutoka ku kikopo kadogo chenye kuwekwa juu zaidi.

Basi kinataka vitu viwili, umeme na mazutu. Kimoja bila kingine ni bure. Mushike neno hilo, kwa sababu sisi tulilisahau.

Ile wiki ya kwanza tulisema: ni batri. Demareri ilikuwa inazunguka, lakini kwa uchovu, na kila mtu akiona demareri imechoka anasema batri. Tulinunua batri Butembo. Kesho yake demareri ilizunguka vizuri kabisa, moshi mweupe ukatoka ku bomba ya nyuma, na trakteri haikuwaka. Pale ule moshi ulikuwa unatuambia kitu, na hatukuusikia. Moshi mweupe wakati wa kudemare ni mazutu yenye imefika mu silindri lakini haikuungua. Kama hakuna moshi hata kidogo, basi mazutu haifiki, na ni lazima utafute ku filtre, ku pompi, ama hewa mu mabomba. Lakini moshi mweupe wa kujaa uwanja unasema: mazutu iko, joto hakuna. Tuangalie basi mambo ya joto.

Tulichukua ampuli ya kupimia, ile ndogo ya wati 5 yenye fili mbili. Tulitoa fili ya umeme ku kichwa cha Thermostart, tukagusa ampuli ku ile fili na ku masi, maana yake ku chuma cha motere. Mmoja wetu akageuza ufunguo. Ampuli ikawaka, tena nyeupe. Tukaandika mu kaye: umeme iko. Tukaamini kwamba Thermostart yenyewe imekufa, na tukaanza kutafuta pesa ya kununua ingine.

Hapo njo alipita mzee mmoja fundi, mwenye alitengeneza matrakteri ya mashamba ya kahawa tangu ujana wake. Alikuja kwa habari zingine kabisa, akatukuta tumekaa.

– Mzee, shikamoo. Umeme inafika, tumepima, lakini kifaa kinabaki baridi. Kimekufa.

– Watoto wangu, mulipima na nini?

Tukamwonyesha ampuli. Akacheka.

– Hiyo ampuli inakula kidogo kama ndege. Thermostart inakula kama ng'ombe. Rudisheni fili mahali pake, halafu mupime bila kuifungua.

Tulirudisha fili, tukageuza ufunguo, tukagusa ampuli juu ya kichwa cha Thermostart. Safari hii ampuli ilikuwa nyekundu kidogo tu, kama sigara gizani. Kwa ukweli tulisikia haya.

Ninyi wa mwaka wa tatu wenye mumefundishwa sheria ya Ohm, tuifanye hesabu pamoja, maana hapa njo penye utamu. Batri ni voltu 12. Thermostart inakula karibu ampere 12, kwa hiyo upinzani wake ni omu 1 hivi. Nguvu yake ya joto ni 12 mara 12, wati 144. Sasa tuseme mahali fulani mu fili kuko kutu yenye kutia upinzani mwingine wa omu 1. Zote mbili ni omu 2. Umeme unakuwa ampere 6. Thermostart inapata voltu 6 tu, na nguvu yake ni 6 mara 6, wati 36. Si nusu, ni robo! Kwa robo ya joto kile kidonge hakifunguki, wala uzi hauwi mwekundu.

Na ile ampuli yetu? Ampuli ya wati 5 ku voltu 12, upinzani wake ikiwaka ni karibu omu 29. Ukiongeza omu 1 ya kutu, inafika 30. Ampuli inapata voltu 11 na nukta 6. Jicho la mtu haliwezi kuona tofauti. Njo vile ilitudanganya, na haikuwa kosa lake. Sisi tuliuliza: je, umeme iko? Ikajibu: iko. Tulipaswa kuuliza: je, umeme iko wakati mzigo uko juu yake?

Mzee alitufanya tutembee na ampuli hatua kwa hatua, ufunguo ukiwa umegeuzwa na kila kitu kimefungwa. Ku batri, nyeupe. Ku mahali fili inaingia mu kontakti, nyeupe. Ku mahali inatoka, nyeupe. Ku Thermostart, nyekundu. Kosa liko kati ya kontakti na Thermostart, hakuna pengine. Akapitisha vidole juu ya fili, polepole, akasimama mahali inapita chini ya kifuniko. "Guseni," akasema. Palikuwa pa moto. Ile joto yenye tulikuwa tunaitafuta mu hewa ilikuwa inapotea pale mu kiungo kibaya. Tulipokata plastiki tukakuta unga wa kijani, na nyuzi tatu tu za shaba zenye bado zimeshikana. Tulitia kipande cha fili mpya, nene, na tukasugua mwisho wa fili ya masi ya batri mpaka ingae. Mara nyingi watu wanasahau masi, lakini umeme yenye kwenda ni lazima irudi.

Tulidhani tumemaliza. Kesho yake, sekunde 20 za kupasha, kolektere ikawa ya moto ku mkono, tukashangilia. Trakteri ikakohoa na ikanyamaza. Basi mujue kwamba tulikuwa na makosa mawili juu ya moja. Tulilegeza kabomba ka mazutu ku Thermostart: hakuna hata tone. Uchafu mzito kama nta ulikuwa umeziba kabomba. Tulikatoa, tukakapuliza, tukajaza kikopo, halafu tukaacha nati imelegea mpaka mazutu ikatoka bila povu, na hapo tukakaza. Kazi hiyo ifanyike mbele ya kugeuza ufunguo, si nyuma. Thermostart yenye kupashwa bila mazutu inaunguza uzi wake. Tulibahatika kwamba yetu ilivumilia.

Kuko na ugonjwa wa tatu, sisi hatukuupata lakini mzee alituonyesha namna ya kuutafuta. Kidonge kinaweza kuchakaa na kuvuja usiku kucha. Asubuhi kikopo ni kitupu na mazutu imelala mu kolektere. Toa Thermostart, uirudishie kabomba kake bila kuitia umeme, uiangalie dakika chache. Ikitona, ni ya kubadilisha. Haitengenezwi.

Siku ile tuliangalia pia moto wenyewe. Tulitoa mpira wa hewa, uso mbali, mmoja akageuza ufunguo. Uzi ukawa mwekundu, na wakati demareri ilivuta, tukasikia "fuuu" na tukaona ndimi mu kolektere. Trakteri ikawaka ku mzunguko wa tatu.

Mazoea sasa ni haya: kupasha sekunde 15 mpaka 20, halafu kudemare huku bado inapasha, lakini isipite sekunde 15. Ikikataa, rudisha ku kupasha sekunde 10, ujaribu tena. Kuzungusha demareri dakika nzima ni kuua batri na demareri pamoja.

Inabaki habari moja tusiyopenda kuisema. Mu ile wiki ya pili, tukiwa tumechoka kusukuma, mmoja wetu alileta kopo ya eteri ya kupuliza, yenye aliazima kwa shofere wa kamio. Akapuliza mu njia ya hewa, na mwingine, bila kujua, akageuza ufunguo ku kupasha. Ile siku fili ilikuwa mbovu na uzi ulikuwa baridi, basi hakuna kitu kilitokea. Tukasikia furaha kwamba motere imekohoa. Mzee aliposikia hiyo alinyamaza kwanza. Halafu akatuambia kwamba kama fili ingekuwa nzima, eteri ingelipuka ndani ya kolektere na kurudi mu uso wa yule mwenye kopo. Hata bila uzi mwekundu, eteri inashika moto mbele pistoni haijafika juu, na inaweza kuvunja pistoni. Ku motere yenye kupasha hewa, eteri hapana, wala kitambaa cha esansi. Tumeandika maneno hayo kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa garaji, na lile kopo tulilirudisha siku ileile.

Zoezi kwa wa mwaka wa tatu na wa ine: kama kutu mu fili ni omu nusu tu, Thermostart ya omu 1 inapata wati ngapi ku batri ya voltu 12? Na ampuli yetu ya wati 5 inapata voltu ngapi? Majibu mulete ku garaji siku ya posho mbele ya saa sita. Ampuli iko pale mu sanduku, na kipande cha ile fili ya kijani tumekipigilia ku ukuta, kila mtu anaweza kukitazama.