Rangi ya Waridi Si Lithiamu: Kijitabu cha Elimu kwa Wachimbaji, Madalali na Wanunuzi wa Ulanga

Kwa nini tumeandika

Tangu dunia ianze kugombania lithiamu kwa ajili ya betri za magari na simu, ulanga wenye rangi ya waridi au zambarau umepata bei hata mahali ambapo hakuna aliyewahi kuupima. Malalamiko yanayofika mezani kwetu yana sura moja. Mchimbaji anadai ameuza viroba vya lithiamu kwa bei ya kokoto; mnunuzi anadai amelipia lithiamu akaletewa ulanga wa kawaida. Mara nyingi wote wawili wanasema wanachokiamini, maana wote wawili walipima kwa macho. Tunajua pia kwamba wasomaji wengi hupokea karatasi ya ofisi kwa mashaka, wakihisi kila ushauri umefichwa tozo nyuma yake. Kwa hiyo hatuwaombi mtuamini. Tutaweka ushahidi hapa na kila mmoja aupime mwenyewe. Neno letu ni moja, nasi tutalirudia hata likichosha: usiuze wala usinunue ulanga kwa rangi yake. Subiri majibu ya maabara.

Ulanga ni jiwe la namna gani

Ulanga, ambao wengine huuita mika, ni kundi zima la madini wala si jiwe moja. Wataalamu huliweka kundi hili katika silikati za matabaka, yaani madini ambayo silikoni na oksijeni zake zimejipanga kwa tabaka bapa. Kila chembe ya silikoni imezungukwa na oksijeni nne, na tatu kati ya hizo inazichangia na majirani zake, hivyo tabaka linatanda bila kukatika. Matabaka mawili ya aina hiyo hubana katikati yao tabaka la tatu, na ndani ya hilo la tatu ndimo hukaa metali: alumini, magnesi, chuma, lithiamu au manganizi. Furushi hilo la matabaka matatu hushikamana na furushi la juu na la chini yake kwa potasi, na mshikamano huo ni dhaifu. Ndiyo sababu ulanga hubanduka vipande vyembamba vinavyong'aa, na ukivikunja kidogo hurudi kama vilivyokuwa.

Sasa angalia vipimo tunavyovifanya machimboni. Tunakwaruza kwa kisu, tunabandua, tunakunja, tunakadiria uzito kiganjani. Ulanga mweupe wa kawaida, muskovaiti, hukwaruzika kirahisi kwa kisu, na uzito wake ni kama mara 2.8 ya uzito wa maji wa ujazo uleule. Lepidolaiti, ulanga wenye lithiamu, hukwaruzika hivyohivyo na uzito wake ni uleule, kati ya 2.8 na 2.9. Vyote viwili hubanduka na vyote hurudi vikikunjwa. Vipimo hivyo vinatosha kuthibitisha kwamba jiwe ni ulanga, lakini haviwezi kusema ni ulanga gani. Tofauti imo katika lile tabaka la katikati, ambalo kwa kila fungu lina nafasi tatu za metali. Katika muskovaiti nafasi mbili zimejazwa alumini na ya tatu iko tupu. Katika lepidolaiti lithiamu na alumini zimegawana nafasi zote tatu. Hakuna jicho linaloona nafasi hizo, liwe la mwanafunzi au la mzee aliyezeekea kwenye duara.

Rangi inatoka wapi

Lithiamu yenyewe haina rangi ya kutoa. Chumvi yake inayouzwa viwandani, lithiamu kaboneti, ni unga mweupe. Waridi ya ulanga hutokana na manganizi, hasa manganizi iliyoingia mahali pa alumini katika jiwe lenye uhaba wa chuma. Chuma kikizidi, waridi hupotea na jiwe huelekea kijani au kahawia. Jambo hili si geni. Mwaka 1953 watafiti Heinrich na Levinson walichapisha nchini Marekani uchunguzi wao kuhusu muskovaiti za waridi, wakaihusisha rangi hiyo na manganizi na uhaba wa chuma. Manganizi hiyohiyo ndiyo huvipa waridi vito ambavyo wauza vito wanavifahamu vizuri: kunzaiti, moganaiti na tomalini nyekundu. Na kiasi kinachohitajika ni kidogo mno. Binzari kijiko kimoja hugeuza sufuria nzima ya wali kuwa ya njano, lakini hakuna anayeinunua sufuria hiyo kwa bei ya binzari. Anayelipia lithiamu kwa sababu ameona waridi anafanya kosa kubwa zaidi ya hilo, maana hata hiyo binzari aliyoiona ni ya kitu kingine.

Tukubali kilicho kweli katika imani hii, maana imani isiyo na chembe ya ukweli haidumu. Lithiamu na manganizi hukutana mara nyingi. Mwamba wa pegmataiti unapopoa toka katika uji wa moto, metali nyingi huganda mapema, na zile zisizopata nafasi hubaki katika uji wa mwisho. Lithiamu imo humo, na mara nyingi manganizi nayo imo. Kwa hiyo ulanga wa waridi ni dalili ya kukufanya uchukue sampuli. Lakini dalili si kipimo, na mahali ambapo manganizi imefika bila lithiamu ni pengi. Kinyume chake nacho ni kweli: lepidolaiti inaweza kuwa ya kijivu, ya njano hafifu au nyeupe kabisa. Huko Manono, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, penye moja ya hazina kubwa za lithiamu ya mwambani duniani, madini makuu ya lithiamu ni spodumini, ambayo si ulanga wala haitambuliwi kwa waridi. Anayefuata rangi peke yake atabeba jiwe tupu na kuliacha lenye mali.

Majina na mipaka yake

Mwaka 1998 kamati ya Shirika la Kimataifa la Madini, IMA, ilitoa utaratibu wa kuupa majina ulanga wote. Kanuni yake kuu ni kwamba jiwe huitwa kwa metali inayotawala nafasi, wala si kwa ile iliyopita njia na kuacha rangi. Kwa kanuni hiyo muskovaiti yenye manganizi kidogo hubaki muskovaiti hata ikiwa nyekundu, na majina ya zamani kama alugaiti na manganofilaiti, yaliyopewa ulanga kwa ajili ya manganizi yake, yameondolewa katika orodha ya madini kamili. Lepidolaiti nayo sasa ni jina la mfululizo ulio kati ya ncha mbili, trilithionaiti na polilithionaiti. Ukikokotoa kwa fomula zao safi, ncha ya kwanza ina oksaidi ya lithiamu kama asilimia 5.6 na ya pili kama asilimia 7.7. Muskovaiti safi haina lithiamu hata kidogo. Mawe hayo yanaweza kukaa kwenye kiroba kimoja yakiwa na rangi moja.

Ushahidi ulio mzito zaidi unatoka kwa ulanga ambao manganizi imetawala kweli. Shirozulaiti, iliyotambuliwa Japani, ina manganizi mahali ambapo ulanga mwingine una magnesi, na rangi yake ni kahawia nyekundu iliyokolea. Norishaiti, iliyoelezwa mwaka 1989 kutoka mgodi wa Hoskins huko New South Wales, Australia, ina manganizi karibu robo ya uzito wake na lithiamu pia imo, lakini ni nyeusi. Tafakari hapo. Kama rangi ya waridi ingekuwa kipimo, basi jiwe lililojaa manganizi na lithiamu kwa pamoja lingekuwa la waridi kuliko yote, na wewe ungelitupa kwa sababu ni jeusi. Haya ni madini adimu, wala hatuyataji ili mtu akayatafute mlimani kwake. Tunayataja kwa sababu yanafunga mjadala: usiuze wala usinunue ulanga kwa rangi yake.

Hoja tunazozisikia

Hoja ya kwanza ni ya mnunuzi mwenye mashine ya mkononi, ile inayofanana na bunduki na kutoa majibu kwa dakika. Mashine hiyo hurusha eksirei na kusoma miale inayorudi kutoka kwa kila metali. Kwa chuma, manganizi na nyingine nyingi hufanya kazi nzuri. Lithiamu, yenye nambari ya atomu 3, hurudisha miale dhaifu kiasi kwamba mashine ya aina hiyo haiwezi kuisoma. Tunarudia kwa sauti: mashine hiyo haipimi lithiamu. Inachokionyesha juu ya jiwe la waridi ni manganizi, na tafsiri ya kwamba hiyo ni lithiamu ni ya mtu aliyeishika. Inaweza pia kuonyesha rubidi, metali ambayo Bunsen na Kirchhoff waliigundua ndani ya lepidolaiti mwaka 1861, na rubidi ikiwa nyingi ni sababu nzuri ya kupeleka sampuli mbele. Si sababu ya kupanga bei.

Hoja ya pili ni ya moto. Ni kweli lithiamu huupa mwali wa moto wekundu mkali, lakini strontiamu nayo hutoa wekundu, na sodiamu kidogo tu hufunika kila kitu kwa njano. Zaidi ya hayo, lepidolaiti ina florini, na kuichoma jikoni au uani kunaweza kutoa hewa yenye madhara. Usichome mawe nyumbani.

Hoja ya tatu ni ya wanaosema jina la jiwe halina maana, asilimia ndiyo mali. Asilimia ni nusu ya mali. Spodumini huchomwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000 ndipo iweze kutolewa lithiamu kwa asidi. Lepidolaiti kwa kawaida huokwa pamoja na chumvi za salfeti, njia inayotumika sana huko Yichun, China. Kiwanda kilichojengwa kwa jiwe moja hakipokei lingine kwa sababu tu asilimia zinalingana. Mzigo ukirudishwa, gharama humrudia aliye dhaifu katika mnyororo, na huyo kwa kawaida ni mchimbaji.

Hoja ya nne, ambayo tunaiheshimu, ni gharama na umbali. Maabara iko mbali na duara, na majibu huchukua siku wakati wachimbaji wanadai posho leo. Lakini kipimo hulipwa mara moja kwa mzigo mzima, ilhali hasara ya bei ya macho hurudi katika kila kiroba. Kikundi chenye duara kadhaa kwenye mwamba mmoja kinaweza kuchangia. Anayesema hawezi kusubiri majibu amekwisha kuamua nani abebe hasara.

Utaratibu ambao hatutaki upuuzwe

Kosa linaloharibu kila kitu huanza kabla ya maabara, pale mtu anapochagua vipande vizuri na kuviita sampuli. Maabara itapima kilicholetwa, na majibu yatakuwa ya vipande hivyo. Chukua mawe kutoka sehemu nyingi za mwamba, mazuri na mabaya, kwa upana wake wote. Yaponde, yachanganye, yarundike, rundo uligawe mara nne, robo mbili zinazokabiliana uziache na mbili uzichanganye upya, hadi ubaki na kiasi cha kupeleka. Gawanya hicho mara mbili: sehemu moja iende maabara, nyingine ifungwe, isainiwe na pande zote mbili na kuhifadhiwa kwa siku ya ugomvi. Unapoponda, lowesha mawe na vaa barakoa inayozuia vumbi, maana vumbi la kwatzi huharibu mapafu na madhara yake hayarudishwi.

Maabarani, zikiwemo za Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania iliyoko Dodoma, uliza kwanza kama wanapima lithiamu kwa kuyeyusha jiwe lote, kisha omba kipimo cha kutambua madini yenyewe. Majibu yakija, soma kichwa cha safu. Asilimia 1 ya lithiamu ni sawa na takriban asilimia 2.15 ya oksaidi ya lithiamu. Mkataba ukitaja moja na cheti kikitaja nyingine, upande mmoja utapoteza zaidi ya nusu ya thamani bila jiwe kubadilika.

Kuhusu leseni, inatosha kukumbusha kwamba leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Watanzania, kwamba udalali nao una leseni yake, na kwamba mrabaha hulipwa. Mengine yamo katika Sheria ya Madini, Sura ya 123, na Afisa Madini Mkazi atayaeleza. Ofisi hii imeitoa elimu hii bure na kwa Kiswahili, na inajivunia hilo. Baada ya hapa, malalamiko ya mtu aliyeuza au kununua bila cheti tutayapokea, lakini swali letu la kwanza litakuwa sampuli iliyofungwa iko wapi. Kwa hiyo andikeni katika kila mkataba kwamba bei itatokana na majibu ya maabara, na kwamba sampuli ya akiba itapimwa pande mbili zikitofautiana. Mwenye kukataa sharti hilo, awe muuzaji au mnunuzi, usifanye naye biashara.