Namna ya Kuhamia Mitandao ya Kijamii Isiyo na Mmiliki Mmoja

Elon Musk alipoinunua Twitter mwezi Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, watu wengi walitambua kwamba maandishi yao ya miaka yote, pamoja na wafuasi waliowakusanya mmoja mmoja, vilikuwa mali ya yeyote atakayefika bei. Mei 2025 waliokuwa Tanzania wakakuta mtandao huohuo, sasa ukiitwa X, haufunguki. Kila likitokea jambo la aina hii, majina yaleyale husikika: Mastodon, Bluesky, Threads. Wanaotaka kuhama huambiwa kwamba huko hakuna bosi na faragha imejaa tele. La bosi ni kweli kwa kiasi. La faragha si kweli. Unachopata huko ni haki ya kuchagua nani akutunzie akaunti yako, na haki ya kumwacha. Usiri itabidi uutafute mwenyewe, na hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa nia hiyo.

Hatua ya 1: Jua nani anaongea na nani

Mastodon ilianzishwa na Eugen Rochko nchini Ujerumani mwaka 2016. Ni programu huria, kwa hiyo chuo, chama au mtu binafsi anaweza kuiweka kwenye seva yake na kuandikisha watu. Seva hizo huwasiliana kwa itifaki ya ActivityPub, iliyopitishwa rasmi na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2018. Ni kama simu: mwenye laini ya Vodacom humpigia wa Airtel bila kuhama kampuni. Kwa itifaki hiyohiyo, mtu wa Mastodon anaweza kumfuata mpiga picha aliyeko Pixelfed au kituo cha video cha PeerTube.

Bluesky ilizaliwa kama mradi wa Twitter uliotangazwa na Jack Dorsey mwaka 2019, ikaja kuwa kampuni inayojitegemea. Ina itifaki yake, inayoitwa AT. Milango ilifunguliwa kwa kila mtu Februari 2024, na mwisho wa Agosti mwaka huo X ilipofungiwa Brazil kwa amri ya mahakama, mamilioni wakakimbilia huko. Threads ni ya Meta, ilizinduliwa Julai 2023, na mtumiaji wake anaweza kuruhusu machapisho yake yaonekane Mastodon. Lakini mwenye Threads ni kampuni ileile yenye Facebook, na seva kadhaa za Mastodon zimeifungia kabisa kwa sababu hiyo.

Ushauri wangu: anayetafuta habari, wanamichezo na waandishi wa habari aanze na Bluesky, kwani kujisajili ni kazi ya dakika chache na sura yake inafanana na Twitter ya zamani. Kikundi kinachotaka kujitawala, kiwe cha walimu, watafiti au watetezi wa haki, kiende Mastodon. Bluesky imegatuliwa katika mpango wake, ila hadi sasa akaunti nyingi mno zimelala kwenye seva za kampuni yenyewe.

Hatua ya 2: Mchunguze mwenye seva

Hatua hii inawahusu wa Mastodon, na ndiyo ambayo wengi huiruka. Msimamizi wa seva ana uwezo wa kusoma kila kilichohifadhiwa humo. Anaweza pia kuchoka, kukosa fedha au kuugua, na seva ikafungwa. Kwa hiyo usijiandikishe kwa kuvutiwa na jina tu. Fungua ukurasa wa maelezo ya seva usome: nani anaiendesha, yuko nchi gani, anaifadhili vipi, kanuni zake ni zipi, na ni seva zipi amezifungia.

Tovuti ya joinmastodon.org huorodhesha seva ambazo wasimamizi wake wamekubali masharti maalumu. Lazima wadhibiti ubaguzi wa rangi na wa kijinsia, wachukue nakala ya akiba kila siku, wawe na watu wasiopungua wawili wanaoweza kuingia kwenye mitambo wakati wa dharura, na watoe notisi ya miezi mitatu kabla ya kufunga. Hata kama seva unayoitaka haimo kwenye orodha hiyo, tumia masharti hayo kuipima. Seva inayotegemea mtu mmoja asiye na msaidizi, mimi nisingemshauri mtu aifanye makazi yake ya kudumu.

Hatua ya 3: Funga mipangilio kabla ya kuandika neno

Anza na uthibitishaji wa hatua mbili. Mastodon hutumia programu ya kuzalisha namba kwenye simu; Bluesky hukutumia namba kwa barua pepe, hivyo barua pepe yenyewe iwe na nenosiri imara. Ukitaka kuingia Bluesky kupitia programu ya watu wengine inayodai nenosiri, usiipe nenosiri lako kuu. Tengeneza nenosiri la programu katika mipangilio, ambalo unaweza kulifuta wakati wowote.

Kisha nenda kwenye suala la nani anakuona. Chapisho la Mastodon lina ngazi nne: la wote, la wote lakini lisilopigiwa debe kwenye utafutaji, la wafuasi, na la waliotajwa tu. Ngazi ya wafuasi haikulindi ikiwa yeyote anaweza kuwa mfuasi wako kwa kubonyeza mara moja, kwa hiyo zima ukubali wa papo kwa papo, uidhinishe wafuasi mwenyewe. Toleo lililotoka Novemba 2025 liliongeza uwezo wa kunukuu chapisho la mwingine, na mwandishi wa chapisho ndiye anayeamua kama linaweza kunukuliwa na wote, na wafuasi au na yeye peke yake. Jambo hili lilibishaniwa kwa miaka, kwa kuwa kunukuu ndiyo njia iliyotumika Twitter kumchongea mtu kwa maelfu. Weka chaguo lako mapema.

Bluesky haina akaunti za siri. Unachoandika, unachokipenda, unayemfuata, hata unayemzuia, vyote viko wazi kwa anayejua pa kutazama. Kunyamazisha mtu kunabaki siri yako. Kuna swichi ya kuomba akaunti yako isionyeshwe kwa wasioingia, lakini hilo ni ombi tu, na programu nyingine zinaweza kulipuuza. Novemba 2024 machapisho milioni moja ya Bluesky yalikusanywa na kuwekwa kwenye Hugging Face, hazina ya data mtandaoni, kwa ajili ya utafiti wa akili unde, yakaondolewa baada ya watumiaji kupiga kelele. Hakuna aliyevunja kufuli kuyapata.

Hatua ya 4: Usiuamini ujumbe binafsi

Hapa nakusihi usome kwa makini. Ujumbe binafsi wa kawaida wa Mastodon na ule wa Bluesky haujafichwa kwa namna ambayo mwandikaji na mwandikiwa pekee ndio wanaoweza kuusoma. Wenye seva wanaweza kuufikia.

Mastodon ina mtego mwingine mbaya zaidi. Kule ujumbe binafsi ni chapisho la kawaida linalopelekwa kwa kila aliyetajwa ndani yake. Tuseme unamlalamikia rafiki yako kuhusu bosi wenu, ukaandika anwani kamili ya bosi pamoja na alama ya @. Bosi ataupata ujumbe huo, neno kwa neno. Mtaje kwa jina la kawaida, au bora zaidi usimtaje humo. Mambo ya afya, fedha, vyanzo vya habari na siasa za hatari yapeleke kwenye programu ya Signal.

Kufuta nako kuna mipaka. Ukifuta chapisho la Mastodon, seva yako huziarifu seva nyingine zilizolipokea, ila haina nguvu ya kuzilazimisha kutii.

Hatua ya 5: Vusha mazungumzo, ukitaka

Mastodon na Bluesky hazisikilizani zenyewe. Kuna daraja liitwalo Bridgy Fed. Ukiwa Mastodon, fuata akaunti ya @bsky.brid.gy@bsky.brid.gy, ukiwa Bluesky, fuata @ap.brid.gy. Machapisho yako ya wazi yataanza kuonekana upande wa pili. Ukiizuia akaunti hiyo, kazi inakoma. Mapema 2024 pendekezo la kuvusha watu bila kuwauliza lilizua ugomvi mkubwa, na ndipo mpango ukabadilishwa uwe wa hiari. Nadhani waliolalamika walikuwa na haki.

Hatua ya 6: Jiandae kuondoka tangu siku ya kwanza

Mastodon inakuruhusu kupakua orodha za unaowafuata, uliowazuia na machapisho uliyohifadhi, pamoja na kumbukumbu ya machapisho yako. Fanya hivyo mara kwa mara. Siku ya kuhama, fungua akaunti mpya, iarifu kuhusu ile ya zamani, kisha rudi kwenye ya zamani na uamuru uhamisho. Wafuasi watakufuata wenyewe. Unaowafuata utawapakia kutoka kwenye orodha. Machapisho ya zamani hayahami, na ukishahama huwezi kuhama tena mpaka siku 30 zipite.

Kwenye Bluesky, mwenye jina lake la kikoa anaweza kulitumia kama jina la akaunti. Kwa gazeti au taasisi hii ni kinga dhidi ya matapeli, kwa kuwa msomaji anaona kikoa halisi.

Kazi ya mwisho haihitaji bando. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini Tanzania, na mtandao usio na mmiliki mmoja haukuwa na cha kufanya. Chukua daftari leo, uandike namba za simu za watu unaowahitaji kweli.